Ujasiri wa Fundi wa Vifaa Tiba Hujengwa Kikundini

Mashine ya kuzalisha oksijeni, ambayo wauguzi wengi huiita konsentreta, hufyonza hewa ya wodini yenye oksijeni takriban asilimia 21, huitenga naitrojeni, na kumpatia mgonjwa oksijeni ya asilimia 90 au zaidi. Chujio lake la nje likizibwa na vumbi, mashine hupata joto na nguvu yake hushuka. Kulisafisha huhitaji maji, sabuni na dakika chache. Hata hivyo, mashine ya namna hiyo yaweza kutupwa stoo miezi mingi kwa kuwa muuguzi aliyeiona dalili hakuulizwa, naye fundi kijana aliona haya kuuliza.

Ukerewe, ambako safari ya Mwanza ni ya kivuko na ya saa kadhaa, haya hiyo ina gharama kubwa. Mtoto njiti hasubiri kivuko.

Ndiyo maana namna mafundi hawa wanavyofundishwa inawahusu wagonjwa. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), yenye kampasi pia jijini Mwanza, hufundisha uhandisi wa vifaa tiba, na imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani katika mafunzo ambamo wanafunzi hubuni vifaa wakiwa vikundi. Rice wenyewe wana ushahidi wa karibu: mwaka 2010 kikundi cha wanafunzi wao kilibuni mashine nafuu ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, mfano wake wa awali ukitumia pampu za tangi la samaki. Ilipojaribiwa katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, waliopona miongoni mwa watoto walioitumia walikuwa asilimia 71, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa oksijeni ya kawaida.

Lakini kuwakusanya wanafunzi watano mezani si kuwafundisha. Mara nyingi msemaji hodari hushika bisibisi tangu mwanzo hadi mwisho, na mnyamavu (aghalabu binti) huachiwa kuandika ripoti. Wote wawili hutoka na hasara: huyu hakujifunza kusikiliza, yule hakujifunza kuthubutu. Mwalimu makini huzungusha majukumu: leo wewe wafungua mashine, wiki ijayo wawaeleza wauguzi kasoro uliyoiona, nao wanakuhoji. Anayekosea mbele ya wenzake wanne, kisha wakairekebisha pamoja, huzoea kutamka neno gumu kuliko yote katika ufundi: sijui.

Neno hilo ndilo atakalolihitaji akipangiwa kisiwani peke yake, simu mkononi, akimweleza mwenzake aliyeko Bugando sauti ya mashine inayokoroma. Wa kwanza kuisikia sauti hiyo huenda asiwe yeye wala muuguzi, bali mama aliyekesha kando ya kitanda cha mwanawe. Fundi aliyezoea kikundi humwuliza mama huyo ilianza lini.