Kununua Hisa Soko Linapoyumba: Hukumu na Tahadhari

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo: bei za hisa zinapoporomoka, maimamu huulizwa, je, huu ndio wakati wa kununua? Muulizaji hutaka kutajiwa siku. Sheria haimtajii siku, bali inampa masharti, na masharti hayo ndiyo kinga yake.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya Safaricom, yaani hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 kila moja. Watu walizikimbilia, na wapo waliokopa benki kwa riba ili wazipate. Hisa hizo zilianza kuuzwa katika soko la Nairobi tarehe 9 Juni 2008, zikavuka shilingi 7, kisha zikaanguka hadi chini ya shilingi 3 mwanzoni mwa 2009. Aliyenunua kwa shilingi 4 akidhani bei imefika mwisho wa kushuka, alijionea kwamba haijafika. Mwaka 2021 hisa hizo hizo zilivuka shilingi 40, na mwaka 2023 zikarudi chini ya 15. Hatusemi haya ili kuihukumu kampuni hiyo, bali kubainisha kwamba mwisho wa kushuka haujulikani mpaka uwe umekwisha kupita. Aliyenunua kwa mali yake aliweza kusubiri. Aliyekopa hana subira mkononi mwake: benki humdai kila mwezi, naye huenda akauza kwa hasara huku deni na riba vimebaki shingoni.

Katika kikao chake cha 7, kilichofanyika Jeddah mwaka 1412 Hijria (1992), Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu iliamua kuwa haijuzu kununua hisa kwa mkopo wa riba huku hisa zenyewe zikiwekwa rehani. Ilikataza pia mtu kuuza hisa asizozimiliki kwa kutegemea kuzipata baadaye, njia inayotumiwa na wanaotaka kuchuma katika kushuka kwa bei. Hili linaafikiana na katazo la Mtume (s.a.w.) kwa Hakim bin Hizam (r.a.), kwamba asiuze asichokuwa nacho.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hughafilika nalo. Kuhusu kampuni ambayo kazi yake ni halali lakini ina mikopo ya riba, wanazuoni wamekhitalifiana. Majmaa ilisema asili ni haramu kushiriki humo. Wengine waliruhusu kwa masharti. Miongoni mwao ni taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, iliyoweka sharti kwamba mikopo hiyo isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni. Sasa tazama: kampuni yenye thamani ya shilingi milioni 100 na mkopo wa milioni 20 iko kwenye asilimia 20. Bei ya hisa ikishuka nusu, thamani inakuwa milioni 50, na mkopo ule ule unakuwa asilimia 40. Kwa hiyo urahisi wa bei unaomvutia mnunuzi ndio huo huo unaoweza kuitoa kampuni katika kipimo. Orodha ya hisa halali iliyoandaliwa kabla ya msukosuko haitoshi; ni lazima kampuni ichunguzwe upya.

Basi anayetaka kununua na ajiulize: Je, mali hii ni yangu, au ni ya mdai, ada ya watoto na chakula cha nyumbani? Je, najua kampuni inauza nini, na inadaiwa kiasi gani leo? Je, nanunua sehemu ya biashara, au nabahatisha bei ya kesho kama mcheza kamari? Akikosa jibu safi, wakati wake haujafika hata kama bei imeshuka mno. Akilipata, na anunue kwa kadiri ya uwezo wake na amtegemee Mola wake.

Wallahu a'lam.