KANGA WANALIPA, ILA ANZA KUHESABU KUTOKA KWA MNUNUZI

Wiki hii hapa dukani Usoke nimeulizwa na watu watatu tofauti swali lile lile: wale kanga wako wanalipa? Wanalipa. Ila msimu wa kwanza walinilia laki mbili, na hela yenyewe ilikuwa ya kuongeza mzigo wa sukari na mafuta. Nimeona niandike yote hapa, mwenye kutaka kuanza aanze akiwa anajua.

Nianze na hiyo laki mbili. Nilinunua kanga wanane mnadani, kila mmoja elfu ishirini na tano. Muuzaji akaniambia majike ni watano na madume watatu. Nilimwamini, kwa sababu kanga wote wanafanana, madoa yale yale, kichwa kile kile. Mvua zikaanza mwezi wa kumi na moja, nikasubiri mayai. Mwezi wa kumi na mbili ukaisha, wa kwanza ukaisha. Mwezi wa pili mtoto wa jirani akaniletea habari kwamba kuna mayai kwenye nyasi nyuma ya choo, kwenda kuyaangalia ni kumi na moja na yameshaharibika. Ndipo mzee mmoja mteja wangu akakaa pale kibarazani asubuhi moja, akasikiliza kidogo, akaniambia, "Kijana, hapa una jike mmoja tu."

Alijuaje? Kwa sauti. Hili ndilo jambo la kwanza la kujifunza kabla hujatoa hata shilingi. Kanga jike ana mlio wa mapigo mawili, kama anasema "che-kwaa, che-kwaa". Dume hawezi mlio huo, yeye ana pigo moja tu linalojirudia, "chi-chi-chi-chi". Sasa angalia mtego ulipo: jike naye akishtuka analia pigo moja kama dume. Pale mnadani kanga wamefungwa miguu, wamebanwa kwenye tenga, watu wanawashikashika, wote wanapiga kelele za woga. Hapo hata mtaalamu hawezi kutofautisha kwa sauti. Vile vindevu vyekundu vya chini ya mdomo vya dume huwa vikubwa na vimejikunja zaidi, lakini kwa kanga wadogo macho yatakudanganya. Kwa hiyo usinunue kanga wa mbegu mnadani. Nenda nyumbani kwa mfugaji asubuhi, kaa chini, omba hata maji ya kunywa, sikiliza wakiwa wametulia. Kanzia wiki ya nane hivi mlio unaanza kuwatenganisha. Ukimsikia anaita mara mbili, mwambie mwenyewe amkamate palepale.

Nikauza madume sita kwa hasara, elfu ishirini ishirini, nikapata laki moja na ishirini. Nikaongeza majike watatu wa uhakika kwa elfu tisini. Nikabaki na majike wanne na dume mmoja, na hiyo ndiyo hesabu nzuri, dume mmoja kwa majike wanne au watano. Ukizidisha madume ni ugomvi tu na chakula kinapotea.

Kabla sijaendelea, kuna la sheria. Kanga wetu wa kufugwa ni ndugu wa damu wa wale wa porini, na sisi tumezungukwa na miombo, kanga wa porini tunawaona hata barabarani. Kuna vijana watakuletea mayai au vifaranga vya porini kwa bei ya bure. Usichukue. Yule ni mnyamapori, ana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumkamata au kuokota mayai yake bila kibali ni kesi. Pita ofisi ya maliasili ya wilaya, waeleze unataka kufuga nini na unanunua kwa nani, wakupe utaratibu. Na muuzaji mwombe akuandikie karatasi, idadi na tarehe. Ni ndege wa Afrika huyu, lakini wanaomfuga kwa wingi kuliko wote ni Ufaransa, wanachinja mamilioni kila mwaka. Sisi tulio naye mlangoni tunamwona kama pambo.

Sasa twende kwenye hesabu niliyosema kwenye kichwa cha habari. Msimu wa pili sikuanza na mayai, nilianza na kujiuliza nani atanunua na lini ana hela. Hapa kwetu jibu ni tumbaku. Mwezi wa kwanza na wa pili mkulima hana kitu, anakopa hata chumvi, na mwenye mshahara ana ada ya shule. Hela inaingia masoko ya tumbaku yakifunguliwa na malipo yakianza kutoka kwenye vyama vya msingi, kuanzia kama mwezi wa tano kwenda mbele. Hapo ndipo harusi zinapopangwa, mahari zinatolewa, na mtu anataka kitu cha tofauti mezani. Kanga anafaa kuuzwa akiwa na wiki kumi na sita hivi. Rudi nyuma wiki kumi na sita kutoka mwisho wa mwezi wa tano, unafika mwanzoni mwa mwezi wa pili. Rudi tena siku 28 za kuatamia, uko mwanzoni mwa mwezi wa kwanza. Maana yake mayai yote ninayotaka kutotoa lazima yawe chini ya kuku kati ya katikati ya Desemba na siku kumi za mwanzo za Januari. Na bahati nzuri kanga anataga wakati wa mvua, kwa hiyo kalenda yake na ya tumbaku zinakubaliana. Ukichelewa ukatotoa mwezi wa nne, kanga wako watakuwa tayari mwezi wa nane hela zikiwa zinaelekea kuisha, na utawalisha bure mpaka mwaka mwingine. Kama wewe huko uliko watu wanaishi kwa pamba au mpunga, hesabu yako itaanzia mwezi mwingine, lakini utaihesabu hivyohivyo, kinyumenyume.

Mayai. Kanga ni mjanja, anaficha kiota, na majike wawili watatu wanaweza kutaga kiota kimoja. Mimi wakianza kutaga nawafungia bandani mpaka saa nane mchana, maana wengi wanataga kuanzia saa tano hivi kwenda mbele, kisha nawafungulia wakatafute wadudu. Unapookota usiyamalize, acha matatu manne. Wengine husema usiguse kwa mkono, atasikia harufu ahame. Ninavyoona mimi kinachomhamisha ni kukuona wewe pale, au kurudi akakuta kiota kitupu. Nenda akiwa mbali. Yai uandike tarehe kwa penseli na usikae nalo zaidi ya siku saba kama ni la kutotoa.

Usimwachie kanga mwenyewe kuatamia. Anaatamia vizuri tu, shida ni baada ya kuangua. Anawatembeza vifaranga kwenye nyasi zenye umande asubuhi, wanalowa, na kifaranga cha kanga kikilowa siku za mwanzo ujue kimekwenda. Tumia kuku wa kienyeji mwenye kuatamia vizuri, mayai kumi na tano mpaka kumi na nane yanamtosha. Lakini ole wako uchanganye na mayai ya kuku! Ya kuku yanaanguliwa siku ya 21, ya kanga siku ya 26 mpaka 28. Vifaranga vya kuku vikitoka, mama anaondoka navyo na ya kanga yanapoa. Jirani yangu alipoteza kumi na sita kwa mtindo huo, na alikuwa amebakiza wiki moja.

Wakishatoka, wiki sita za kwanza ndizo biashara yenyewe. Mfungie kuku na vifaranga ndani pakavu. Chini tandika gunia, siyo gazeti, miguu inateleza inapanuka na hairudi. Maji weka kwenye kisahani kifupi chenye vijiwe, vinginevyo wanazama humo. Chakula chao kinatakiwa kiwe na protini kuliko cha vifaranga vya kuku, kwa hiyo mimi nanunua kile cha kuku halafu naongeza dagaa wa kusaga. Dagaa wa Kigoma wanapita na reli hapa, na dukani sikosi wale waliovunjika ambao mteja hawataki. Mchwa nao ni dawa, vunja kichuguu kidogo uwape. Chanjo ya mdondo, ile I-2 ya tone la jicho, nawapa wakiwa na wiki mbili na narudia kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja ni dozi nyingi sana kuliko kanga wako, changishaneni na majirani wenye kuku. Watu wanasema kanga haugui. Ni mgumu kuliko kuku, kweli, lakini mdondo ukiingia mtaani haumwulizi mtu.

Daftari langu la msimu wa pili liko hivi. Majike wanne walinipa mayai 173. Niliweka 68 chini ya kuku wanne. Yaliyoanguliwa 49, wakafa 18, wengi wao wiki mbili za mwanzo, wakabaki 31. Nikauza 24 kwa elfu ishirini na tano, laki sita. Mayai 85 niliuza dukani ya kula kwa 500, ni 42,500, na 20 yalipasuka au tulikula. Matumizi: chakula cha vifaranga 80,000, mahindi na mashudu ya alizeti 120,000, dagaa 25,000, chanjo 6,000, waya wa banda 40,000. Jumla 271,000. Kilichobaki mkononi ni 371,500 na kanga saba wa kuongeza mbegu. Dagaa nimewahesabu ingawa walitoka dukani kwangu. Kitu cha dukani kikiingia bandani bila kuandikwa, duka ndilo linakufa na wewe unasifia kanga.

Njiwa kidogo, maana nao nimeulizwa. Njiwa ni hela ndogo ya kila mwezi, hawasubiri mvua. Wanakaa jozi, jike anataga mayai mawili, wanaatamia kwa zamu siku 17 au 18, na wote wawili wanalisha makinda kwa maziwa ya kooni, kwa hiyo wewe huna kazi ya kulea. Kinda la wiki nne linauzika, na ndio wakati mzuri, kabla halijaruka. Kila jozi iwekee visanduku viwili, kwa sababu jike anataga tena kabla wa kwanza hawajatoka. Wape mtama, uwele, mahindi yaliyovunjwa na changarawe ndogondogo. Ukinunua wakubwa wafungie mwezi mzima, ukiwaachia mapema wanarudi kwa aliyekuuzia. Kuna watu nadhani wameshauza jozi moja mara tano.

Kware sifugi. Wenzetu Kenya mwaka 2013 kuingia 2014 waliingia kichwakichwa, mayai yakasifiwa yanaponya kila ugonjwa, bei ikapaa, kila mtu akanunua kware ili amuuzie anayetaka kuanza kufuga kware. Walaji wenyewe walikuwa wachache. Bei ikaanguka watu wakabaki na mayai ndani. Na kware wa kufugwa kwa kawaida haatamii, lazima mashine na umeme wa uhakika, ambao mimi sina.

Ndiyo maana na kanga nina msimamo wangu: vifaranga vya siku moja siuzi, hata mtu aje na hela mkononi. Namuuzia mtu kanga wa wiki nane, amesikia mwenyewe mlio, kisha namuuliza atamuuzia nani. Asiponijibu namshauri anunue wawili tu akale nyumbani.

Msimu huu nina majike tisa na madume wawili. Mvua zilianza vizuri, na hadi leo kuku wawili wamelalia mayai 34. Tarehe ya kuangua nimeiandika kwa chaki juu ya mlango wa banda, na chini yake nimeandika ya kuuza.