Mshipi, hema na mtoto: hesabu ya siku tatu Yellowstone

Maduka ya vifaa vya uvuvi kule West Yellowstone, Montana, yana fimbo za dola 900, na muuzaji hana haja ya kujua kama mwanao amewahi kushika mshipi. Usianzie hapo. Kwa sisi tunaoishi Boise, Salt Lake City au Missoula, Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone iko mwendo wa saa nne hadi sita hivi kwa gari. Mzazi na mtoto wanaweza kwenda kuvua trauti kwa inzi bandia kwa pesa za kawaida tu, mradi wajue pa kubana na pa kulegeza.

Ada kwanza, maana hazina mjadala. Gari la binafsi hulipa dola 35 na kuingia kwa siku saba. Ukiwa na mtoto wa darasa la nne, umebahatika: kuna pasi ya Every Kid Outdoors, anaijazia mtandaoni mwenyewe, na wote mliomo garini mnaingia bure. Kibali cha kuvua ni dola 40 kwa siku tatu, 55 kwa wiki na 75 kwa msimu mzima. Anayejua atarudi tena mwaka huohuo akate cha msimu, kwani viwili vya siku tatu vinafika 80. Mtoto wa miaka 15 kushuka chini halipi chochote. Anavua chini ya uangalizi wa mzazi mwenye kibali. Leseni ya jimbo haihitajiki ndani ya hifadhi. Ukitoka tu nje ya mpaka upande wa Montana, unahitaji ya jimbo hilo, ambayo kwa mkaazi ni nafuu na kwa mgeni wa kutoka Idaho au Utah inauma.

Sasa fimbo. Seti ya kuanzia ya mtu mzima, yenye fimbo, rili na mshipi wake, hupatikana kwa dola 100 hadi 250, na trauti hajui tofauti. Mtoto mimi ningemnunulia tenkara, fimbo ya Kijapani isiyo na rili kabisa: uzi umefungwa kwenye ncha, na ukimaliza fimbo yote inajikunja ndani kwa ndani hadi kuingia kwenye mkoba wa shule. Kwa dola 80 hadi 150 unaondoa nusu ya vurugu. Mtoto wa miaka tisa akipewa rili, mkono mmoja unarusha na mwingine unapaswa kuchezea mshipi uliolegea, ambao mara unamzonga miguuni, mara unanasa kwenye nyasi, na baba mtu anashinda akifumua mafundo badala ya kuvua. Kwa tenkara anainua, anarusha, inzi anatua. Hasara yake ni kwamba hafiki mbali, na samaki mkubwa akikimbia hakuna uzi wa kumwachia. Kwa mtoto aliyesimama maji ya magotini, si hasara ya kulilia.

Suruali ndefu za mpira za kuingilia majini? Kwa mtoto, hapana. Msimu ujao hazimtoshi. Kaptura, soksi za sufu na raba za zamani zinatosha katika mto Madison, ambao unazaliwa pale Firehole na Gibbon inapokutana, mito inayopokea maji ya chemchemi za moto. Uvuguvugu huohuo una kasoro yake: Julai na Agosti maji yakipata joto kupita kiasi trauti huteseka, na uvuvi unaweza kufungwa kuanzia saa nane mchana. Nenda Juni au Septemba. Hela uliyookoa kwenye suruali iweke kwenye begi zuri la kulalia, kwa sababu usiku wa huko hugandisha maji hata mwezi wa Juni, na mtoto aliyekesha akitetemeka hatashika fimbo asubuhi.

Kiongozi wa uvuvi kwa siku nzima hutoza kati ya dola 500 na 750 kwa watu wawili, na bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 inasubiriwa. Wengi wanajua kazi yao, sikatai. Lakini saa nane mfululizo ni nyingi kwa mtoto. Akichoka saa tano asubuhi, mita ya pesa bado inasoma. Kama lazima, chukua nusu siku, tena siku ya kwanza.

Kulala: kambi ya Madison iko jirani na mto na inakaribia dola 40 kwa usiku. Slough Creek, kaskazini-mashariki, imekuwa ikitoza nusu ya hapo, ila ina viwanja 16 tu na huisha mapema. Jina la Fishing Bridge lisikuzuzue: kuvua darajani kumepigwa marufuku tangu 1973, na kambi yake haipokei mahema kwa sababu ya dubu. Dawa ya kupuliza ya kufukuzia dubu ni dola 40 hadi 50. Hiyo usiikwepe.

Kabla ya kununua vitu vidogo, soma sheria. Chubwi za risasi haziruhusiwi, wala viatu vyenye soli za sufu iliyoshindiliwa (felt). Ndoana iwe haina kijino: kibane kwa koleo, kisha ipitishe kwenye kipande cha pamba, ikinasa, bado. Madison ni inzi bandia tu, na trauti unamrudisha majini, kwa hiyo unga wa ugali beba pamoja na kitoweo chake.

Na kama shangazi au mjomba anakuja kutoka Nairobi au Bukavu akitaka kufuatana nanyi, jipange mapema. Tangu Januari 2026, mgeni asiyeishi Marekani aliyetimiza miaka 16 huongezewa dola 100 langoni, isipokuwa awe na pasi ya mwaka, ambayo kwa wageni ni dola 250. Wageni wakiwa watatu, pasi ndiyo nafuu.