Fimbo, Mpira na Goti: Majeraha ya Wasichana Wanaocheza Lakrosi

Lakrosi huchezwa kwa fimbo yenye kikapu cha wavu kwenye ncha. Mchezaji huudaka mpira kwa wavu huo, hukimbia nao, humpa mwenzake pasi au huurusha golini. Mchezo huu ulianzishwa na wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Wasichana waliucheza kwa mara ya kwanza mwaka 1890 katika shule ya St Leonards nchini Scotland, na mwaka 1926 ukaingia shule ya Bryn Mawr mjini Baltimore, Marekani. Leo ngome yake kubwa ni shule za sekondari na vyuo vya Marekani.

Wavulana huruhusiwa kugongana miili, na kwa hiyo huvaa helmeti, glovu na pedi za mabega. Kwa wasichana mgongano wa aina hiyo ni kosa. Beki anaweza kuigonga fimbo ya mshambuliaji ili mpira udondoke, lakini fimbo yake haitakiwi kuingia katika eneo la kufikirika la takriban sentimita 18 kuzunguka kichwa cha mwenzake. Vilevile haruhusiwi kuziba njia kati ya goli na mchezaji anayejiandaa kupiga, kama hamkabi mtu kwa karibu. Kanuni ndizo zinazobeba kazi ya ngao, na ndiyo maana mchezaji wa kawaida huingia uwanjani na miwani ya kinga na kinga ya meno tu. Kipa peke yake ndiye huvaa helmeti, kinga ya koo na kinga ya kifua.

Ngao hiyo ina matundu yake. Takwimu za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, za kuanzia 1988 hadi 2004 zinaonyesha majeraha 7.15 kwa kila mahudhurio 1,000 ya wachezaji katika mechi, na 3.30 katika mazoezi. Hudhurio moja ni mchezaji mmoja kushiriki mechi moja au zoezi moja. Timu inayoingiza wachezaji 20 uwanjani ingetarajia basi jeraha moja katika kila mechi saba hivi. Takriban asilimia 60 ya majeraha yote yalikuwa ya miguu, kuanzia nyonga hadi vidole. Katika mechi, jeraha moja kati ya matano hivi lilikuwa la kichwa au shingo.

Jeraha la kawaida kuliko yote ni kuteguka kifundo cha mguu. Linaloogopwa zaidi ni kuchanika kwa kano ya ndani ya goti inayojulikana kwa kifupi cha ACL. Mara nyingi kano hii huchanika pasipo mchezaji kuguswa na mtu. Msichana anakimbia na mpira, beki anamkatia njia, naye anakita mguu mmoja chini ili ageuke ghafla. Unyayo unabaki palepale, goti linalala kwa ndani, na paja linazunguka juu yake. Wengi husikia mlio ndani ya goti, kisha goti huvimba katika saa chache. Katika michezo inayochezwa na jinsia zote kwa kanuni zilezile, kama soka na mpira wa kikapu, wasichana hupata jeraha hili mara mbili au zaidi kuliko wavulana. Mojawapo ya sababu zinazotajwa ni namna wengi wao wanavyotua na kugeuka: goti halikunjwi vya kutosha, na misuli ya nyuma ya paja haisaidii ipasavyo kulishikilia.

Kichwa nacho huumia kwa njia yake. Mvulana hupata mtikisiko wa ubongo hasa kwa kugongana na mchezaji mwingine. Msichana huupata zaidi kwa kupigwa na fimbo au mpira. Mpira wenyewe ni wa raba ngumu iliyojaa ndani, wenye uzito wa gramu 140 hivi. Dalili za mtikisiko ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau, kuchukia mwanga na kushindwa kufuatilia masomo. Si lazima mtu azimie.

Kwa macho, dawa ilipatikana mapema. Marekani ililazimisha miwani ya kinga kuanzia msimu wa 2005, na majeraha ya macho yakapungua sana. Kofia laini ya kinga imezua ubishi zaidi. Wanaoipinga wanahofu kwamba wachezaji wakijiona salama watacheza kwa ukali, na kanuni zitalegea. Jimbo la Florida liliilazimisha katika shule za sekondari, na kuanzia 2018 ikatakiwa kofia iliyotimiza viwango maalumu. Utafiti uliochapishwa baadaye ulikuta kwamba mitikisiko ilitokea kwa kiwango cha asilimia 59 zaidi katika majimbo yasiyo na sharti hilo. Hata hivyo, kofia hupunguza nguvu ya pigo tu, na mwamuzi bado ndiye anayezuia fimbo isifike kichwani.

Majeraha mengine huja polepole. Maandalizi ya kabla ya msimu ndiyo yenye majeraha mengi zaidi ya mazoezini, kwa kuwa miili iliyopumzika hubebeshwa mbio nyingi kwa ghafla. Mfupa wa muundi huanza kuuma, na asiyepumzika huishia na ufa. Hatari huongezeka kwa msichana anayekula kidogo kuliko nguvu anayotumia: hedhi hukatika na mifupa hudhoofika. Hedhi kukosekana kwa miezi kadhaa ni dalili ya kumwona daktari.

Kinga ya miguu haihitaji vifaa vya gharama. Dakika 15 hadi 20 za kupasha mwili moto, mara mbili au tatu kwa wiki, zenye kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa, kusimama kwa mguu mmoja, kugeuka kwa kasi na kuimarisha misuli ya nyuma ya paja, zimethibitika kupunguza majeraha ya goti kwa wasichana wanamichezo.

Kwa aliyekwisha kuumia, kurudi uwanjani kuna taratibu zake. Jimbo la Washington lilitunga sheria ya mtikisiko kwa wanamichezo vijana mwaka 2009, na kufikia 2014 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria kama hizo. Kwa kawaida mchezaji anayeshukiwa huondolewa papo hapo na harudi bila kibali cha mtaalamu wa afya. Kisha hupanda ngazi moja moja, kutoka mazoezi mepesi hadi mechi, kila ngazi ikichukua angalau saa 24, na dalili zikirejea hushuka ngazi moja. Aliyefanyiwa upasuaji wa ACL hushauriwa kusubiri angalau miezi tisa, na hata baada ya hapo hupimwa kwanza kama mguu ulioumia umepata nguvu karibu sawa na mwenzake.