Dawa ya homa ya ini ipo, mgonjwa ndiye hatafutwi

Mgonjwa wa ini akifikishwa hospitalini mjini Kisii au Nyamira tumbo limejaa maji, macho yamekuwa ya njano na mashavu yamebonyea, daktari huwa amebakiwa na machache ya kufanya. Atayatoa maji kwa sindano, nayo yatajaa tena. Nyumbani watu watakuwa wameshakata shauri: ni chang'aa, au amerogwa. Pombe huharibu ini kweli, hilo halina ubishi. Lakini lawama hiyo ya haraka inafunika chanzo kikubwa cha saratani ya ini barani Afrika, yaani virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo mtu anaweza kukaa navyo miaka 20 au 30 akichuma chai yake bila kuumwa popote. Kwa maoni yangu, hatima ya wagonjwa hawa huamuliwa na siku waliyopimwa kuliko dawa waliyopewa.

Mtoto anayeambukizwa akiwa mchanga ana uwezekano wa takriban asilimia 95 wa kubaki na virusi hivyo maishani; kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Kenya ilianza kuwachanja watoto wote mwaka 2001, hivyo waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ndio wazazi na wenye mashamba, wengi wao hawakupata kinga hiyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na homa ya ini B, na ni asilimia 13 tu waliokuwa wamegunduliwa. Afrika hawakufika hata asilimia 5. Ilhali tenofovir, inayodhibiti virusi hivi kwa kidonge kimoja kwa siku, ni dawa ile ile iliyomo ndani ya ARV, dawa za Ukimwi. Imo tayari katika kabati za CCC, yaani kliniki za Ukimwi, hadi vituo vya mashinani. Mwenye virusi vya Ukimwi pamoja na vya homa ya ini anatibiwa ini lake papo hapo. Mwenye homa ya ini peke yake hana mlango wa kuingilia.

Wapo watakaosema kupima wingi wa virusi kwenye damu ni ghali mno kwa kaunti zetu. Ni ghali, ndiyo. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 unaruhusu matibabu kuanza bila kipimo hicho, kwa hesabu inayotumia kimeng'enya kimoja cha ini na idadi ya chembe za kugandisha damu, vipimo ambavyo maabara ya kawaida ya hospitali inavimudu. Wengine watauliza nani atakubali kumeza kidonge maisha yote huku akijiona mzima. Swali hilo liliulizwa pia kuhusu Ukimwi, na maelfu ya Wakenya wamelijibu kila asubuhi kwa miaka. Pingamizi lenye uzito zaidi ni aibu: mtu akionekana kwenye foleni ya CCC, kijiji kizima kitanong'ona. Basi dawa itolewe kwenye kliniki ya kawaida, karibu na ya presha na sukari. Na kazi ianzie kwa mama mjamzito, ambaye tayari anadungwa kidole kupimwa HIV na kaswende: tone la pili la damu hiyo hiyo litaonyesha kama mumewe na watoto wakubwa nao waitwe, aliye na virusi afuatiliwe, asiye navyo achanjwe.