Unataka vyura kwenye kidimbwi chako? Usibebe mayai yao kwenye ndoo

Ni mwishoni mwa Februari nchini Uingereza. Kidimbwi kipya kimechimbwa nyuma ya nyumba, maji yamejaa na mimea imeanza kushika. Kitu kimoja tu hakipo: chura. Wakati huohuo, kidimbwi cha rafiki anayeishi upande wa pili wa mji kimefurika mayai ya chura.

Wazo linakuja lenyewe. Beba ndoo, chota mayai kidogo, yamwage kwenye kidimbwi chako. Kazi imeisha.

Kwa miaka mingi Waingereza wamefanya hivyo, hata watoto wa shule wakibeba mayai kwenye chupa za jamu. Lakini leo shirika la hisani la Froglife, linalohifadhi vyura na wanyama watambaao nchini humo, linashauri watu waache. Si kwa sababu ya uchoyo. Ndoo hiyo inaweza kubeba ugonjwa unaoua vyura wa mtaa mzima.

Mayai yenyewe yakoje?

Chura wa kawaida wa Uingereza hutaga mayai kwa rundo. Ukiyaona majini, yanafanana na mbegu za chia zilizolowekwa: vidoa vyeusi ndani ya ute mzito unaong'aa. Rundo moja linaweza kuwa na mayai hadi 2,000.

Maeneo yenye joto kidogo, kama Cornwall kusini magharibi, mayai huweza kuonekana hata kabla ya Januari kuisha. Kaskazini husubiri hadi Machi au Aprili. Baada ya wiki mbili hadi nne viluwiluwi hutoka, na kufikia kiangazi walionusurika huwa wameota miguu na kuanza kutoka majini.

Wengi hawafiki huko. Samaki, ndege na watoto wa kereng'ende huwala. Ndiyo maana mama hutaga mengi hivyo.

Ndoo inabeba nini zaidi ya mayai?

Inabeba maji. Na ndani ya maji hayo kuna vitu usivyoviona.

Cha kwanza ni ranavirusi, kundi la virusi vinavyosababisha vyura kuvimba, kutoka vidonda, kuvuja damu na kufa kwa wingi. Watafiti waliofuatilia vidimbwi nchini Uingereza walikuta kwamba palipoingia ugonjwa huu, idadi ya vyura ilipungua kwa wastani wa takriban asilimia 80 ndani ya miaka 12. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba binadamu wamechangia kwa kiasi kikubwa kuusambaza, kwa kuhamisha vyura na mayai kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Maana yake ni kwamba mtu mwenye nia njema na ndoo yake amekuwa sehemu ya tatizo.

Cha pili ni kuvu iitwayo kitridi, ambayo hushambulia ngozi ya chura. Chura hupitisha maji, chumvi na hata hewa kwenye ngozi, kwa hiyo ngozi ikiharibika moyo wake unaweza kusimama. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2019 ulihusisha kuvu hii na kupungua kwa aina 501 za vyura na jamaa zao duniani. Aina 90 kati ya hizo zinadhaniwa kutoweka kabisa.

Cha tatu ni mimea vamizi. Kipande kidogo cha gugu kikinasa kwenye ute, kinaweza kumea na kufunika kidimbwi chote. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2014 England ilipiga marufuku uuzaji wa aina 5 za mimea ya majini.

Kihansi wanaijua hadithi hii

Tanzania nayo imeonja uchungu wa kitridi. Chura mdogo wa Kihansi alipatikana sehemu moja tu duniani: kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalianza kuelekezwa kwenye mradi wa umeme na makazi yake yakakauka. Mwaka 2003 idadi yake iliporomoka ghafla, na kitridi ikagunduliwa miongoni mwa vyura hao. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Aliponea kwenye tundu la sindano. Vyura wapatao 500 walikuwa wamechukuliwa mwaka 2000 na kupelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, wakazaliana huko. Mwaka 2012 ndipo wakaanza kuachiwa tena Kihansi. Miaka 12 ya kazi, wataalamu na fedha, kwa chura anayekaa juu ya kucha ya kidole gumba.

Ugonjwa ukishaingia majini, kuutoa si kazi ya wikendi.

Je, ni kosa kisheria?

Nchini Uingereza, kuuza vyura wa kawaida au mayai yao bila leseni ni kosa kwa mujibu wa sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981. Aina adimu zaidi zinalindwa vikali, na kuharibu makazi yao kunaweza kukuletea kesi. Kuachia aina za kigeni nako ni marufuku. Kwa hiyo ukiona mtu anauza mayai ya chura mtandaoni, kaa naye mbali.

Sasa watafikaje?

Kwa miguu yao. Chura wa kawaida hutumia sehemu kubwa ya mwaka nchi kavu, chini ya mawe, magogo na majani makavu. Inawezekana kabisa tayari yupo bustanini kwako na hujawahi kumwona. Usiku wenye mvua hutembea, na maji mapya huyagundua. Vidimbwi vingi hupata vyura ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Halafu piga hesabu. Chura huchukua miaka miwili hadi mitatu kukomaa. Hata ukileta mayai leo, hao hawatataga kesho. Njia ya mkato haikati sana.

Kazi yako ni kuandaa nyumba:

• Tumia maji ya mvua. Ya bomba huwa na klorini na virutubisho vinavyolisha mwani.

• Acha upande mmoja uwe na mteremko, ili vyura wadogo, na hata kalunguyeye akitumbukia, waweze kutoka.

• Usiweke samaki. Samaki wa dhahabu ni mzuri kwa macho, lakini mayai na viluwiluwi kwake ni chakula.

• Panda mimea ya asili ya eneo lako, na ikague kabla ya kuiweka majini.

• Acha kona moja ya bustani ichafuke kidogo: nyasi ndefu, rundo la magogo, majani yaliyooza.

• Punguza dawa za kuua wadudu na konokono. Chura atakusaidia kula konokono wasio na gamba wanaomaliza mboga zako.

• Kama kuna watoto wadogo nyumbani, weka wavu imara juu ya maji. Mtoto anaweza kuzama hata kwenye maji machache.

Huna nafasi? Hata beseni la kuoshea vyombo lililofukiwa ardhini, likawekewa mawe ya kupandia, linaweza kuvutia chura.

Na kama una mayai mengi mno?

Hili ndilo swali la yule rafiki mwenye ndoo. Jibu: yaache. Kidimbwi kilichojaa mayai Machi hakitakuwa na vyura 2,000 Juni. Walaji watapunguza. Yakipigwa na barafu, ya juu yatageuka meupe na kufa, lakini ya chini mara nyingi hupona.

Rafiki akikuomba ndoo moja tu, usimpe mayai. Mpe jembe, mkachimbe pamoja. Kisha msubiri usiku wa mvua.