Pima minyoo kabla ya dawa za kansa ya damu

Je, wewe au jamaa yako ameambiwa ana kansa ya damu? Basi kabla matibabu hayajaanza, muulize daktari: choo kimepimwa minyoo?

Huenda ukaona ni jambo dogo kando ya ugonjwa mkubwa kama huo. Sivyo. Kuna mnyoo mwembamba, urefu wake kama milimita 2, ambao wanasayansi huuita Strongyloides stercoralis. Watoto wake hukaa katika udongo uliochafuliwa kwa kinyesi na huingia mwilini kupitia ngozi, hasa nyayo za anayelima bila viatu. Hufuata damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa na kutulia katika utumbo mdogo.

Ubaya wa mnyoo huu ni kwamba mayai yake huanguliwa humo humo tumboni, na baadhi ya watoto hutoboa ukuta wa utumbo na kuanza safari upya. Ndiyo maana wanajeshi waliotekwa na kulazimishwa kujenga reli ya Thailand na Burma katika Vita Vikuu vya Pili walipatikana nao zaidi ya miaka 30 baadaye.

Mwenye kinga imara huudhibiti. Lakini lukemia na limfoma hudhoofisha kinga, na dawa kama prednisoloni na deksamethasoni, zinazotumiwa sana katika matibabu hayo, huizidisha unyonge. Hapo minyoo huongezeka mno, hutawanyika hadi mapafuni na hata ubongoni, ikiingiza bakteria za utumbo katika damu. Mgonjwa huumwa na tumbo, hukohoa na kupata homa, nayo familia hudhani kansa imezidi. Wengi wanaofikia hali hiyo hufa.

Kupima mara moja hakutoshi, kwa kuwa vijinyoo hutoka vichache na si kila siku. Omba choo kipimwe siku kadhaa. Na usijidanganye kwamba ulimeza kidonge kimoja cha albendazoli cha dukani. Mara nyingi mnyoo huu hukiponyoka. Dawa inayoaminika zaidi ni ivamektini, kwa kipimo atakachokupa daktari kulingana na uzito wako.

Jihadhari na maji pia. Kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu hakifi kwa klorini ya mfereji, nacho huweza kumharisha mgonjwa wa namna hii kwa majuma mengi. Chemsha maji ya kunywa hata yakionekana safi, na ukianza kuhara usingoje siku ya kliniki.